Makundi ya Barua Pepe Yanayojisasisha: Kazi Imehamia Wapi?

Fungua saraka ya watumishi ya ofisi yoyote kubwa uitazame sehemu iliyoandikwa "Idara". Usiishie kwa mtu mmoja. Shuka na safu nzima kutoka juu hadi chini. Utakuta "Fedha". Mbele kidogo, "Idara ya Fedha". Kisha "Fedha na Uhasibu", "Finance", "Fed. na Uhas.", na mwingine ambaye sehemu yake iko tupu kabisa, kwa sababu siku aliyosajiliwa kulikuwa na foleni ya waajiriwa wapya na aliyekuwa akisajili alitaka kwanza kila mmoja apate nywila aanze kazi. Watu hawa wote wanakaa korido moja, wana mkuu mmoja na bajeti moja. Binadamu akiisoma safu hiyo anaona idara moja. Kompyuta inaona idara tano, na mtu mmoja asiye na idara.

Hapo ndipo miradi mingi ya kuboresha mawasiliano ya ofisini inapokwama, na kwenye hati za miradi hiyo safu ya Idara haitajwi hata kwa sentensi moja.

Mradi ninaouzungumzia ni ule wa kuachana na orodha za barua pepe zinazotunzwa kwa mkono na kuweka makundi yanayojisasisha yenyewe. Wizara, mashirika ya umma, benki, vyuo na hospitali, wengi wameupitia au wako njiani. Hoja yake ni nzito. Kwa njia ya zamani, afisa TEHAMA anatengeneza kundi la watumishi wote, kundi la kila idara na kundi la kila mkoa, halafu anaingiza majina moja baada ya jingine. Mtu akiajiriwa, anaongezwa kwenye makundi matatu au manne. Akihamishwa, anatolewa huku na kuingizwa kule. Akistaafu, anafutwa kote. Taasisi ikiwa na watumishi 2,000 na matawi mikoani, kazi hiyo haina mwisho, na anayeifanya ndiye huyohuyo anayeitwa printa ikigoma na projekta ikikataa kuwaka dakika kumi kabla ya kikao. Haupiti mwaka kabla orodha hazijaanza kupishana na ukweli. Aliyehama bado yumo, aliyekuja hayumo, na kuna makundi mawili ya idara moja kwa sababu afisa wa pili hakujua kuwa wa kwanza alikwishatengeneza.

Kundi linalojisasisha linafuata njia nyingine. Ndani yake hakuna majina yaliyoingizwa na mtu, kuna sharti. Linasema, kwa mfano, "kila mwenye sanduku la barua ambaye Idara yake ni Fedha na ofisi yake ni Mwanza." Microsoft waliuweka uwezo huu kwenye seva yao ya barua, Exchange, tangu toleo la 2003, na Google nao wanao kwenye Workspace kwa vifurushi vya juu. Kwenye seva za Exchange zilizofungwa ofisini, sharti linapimwa kila ujumbe unapotumwa. Seva inaiuliza saraka ni nani wanaotimiza sharti saa hiyo, kisha inawapelekea hao. Kwenye Exchange ya mtandaoni utaratibu ulibadilishwa. Orodha ya wanaotimiza sharti inakokotolewa na kuhifadhiwa, inasasishwa mara moja kila saa 24, na kundi jipya au sharti lililobadilishwa linaweza kuchukua hadi saa mbili kabla ya kuwa tayari. Jambo hilo si dogo. Mtumishi aliyesajiliwa asubuhi anaweza asipate tangazo la mchana huohuo, na hakuna kilichoharibika.

Ufundi huu ni mzuri na ninautetea. Mahali ambapo taarifa za watumishi ni safi, unafanya kazi kwa namna inayofurahisha kweli. Mgeni anasajiliwa Jumatatu, na Jumatano anapokea dokezo la idara yake bila mtu yeyote kukumbuka kumwongeza. Tatizo liko kwenye hayo maneno "mahali ambapo taarifa za watumishi ni safi."

Mradi wenyewe huenda hivi. Hati inaandikwa na kitengo cha TEHAMA, kwa kuwa jambo linahusu seva na barua pepe. Viashiria vyake vinahesabika kirahisi: makundi mangapi yameundwa, maafisa wangapi wamepata mafunzo. Mzabuni anaingia, anasafisha safu ya Idara mara moja ili maonyesho yaende vizuri, anaandika masharti, na ukumbini anaonyesha jinsi ujumbe mmoja unavyowafikia watu wa Tabora bila kuandika jina hata moja. Watu wanapiga makofi, na wana haki ya kupiga, kwa sababu siku hiyo mfumo unafanya kazi. Hati ya makabidhiano inasainiwa, mzabuni analipwa, na kwenye taarifa ya robo mwaka mradi unaandikwa kuwa umekamilika kwa asilimia 100.

Kisha unaingia Julai, mwaka mpya wa fedha, na uhamisho unaanza.

Fuatilia safari ya barua moja ya uhamisho. Inasainiwa na mkuu wa utawala na rasilimaliwatu. Mwishoni kuna orodha ya nakala: mkuu wa kituo anachotoka mhusika, mkuu wa kituo anachokwenda, mhasibu, jalada binafsi. Masijala wanagonga muhuri, wanaipa barua namba ya folio na kuifunga kwenye jalada. Mhasibu anaifanyia kazi kwa sababu kuna posho ya kulipa na mizigo ya kusafirisha. Mkuu wa kituo kipya anaifanyia kazi kwa sababu ana meza iliyo wazi na kazi zilizolala. Kwenye orodha ya nakala afisa TEHAMA hayumo. Hajawahi kuwamo, kwa sababu mpangilio wa nakala umerithiwa tangu enzi za mashine za chapa, na mradi ulipokuja hakuna aliyekaa na watu wa masijala akawaambia kwamba kuanzia leo barua hii inaendesha pia mfumo wa barua pepe.

Mtumishi anafika Mtwara. Anawasha kompyuta, anaingia kwa anuani ileile na nywila ileile, na kila kitu kinafunguka, kwa hiyo hana sababu ya kumtafuta mtu wa TEHAMA. Saraka inaendelea kusema yuko Dodoma. Anapata matangazo ya kukatika kwa maji kwenye jengo asilofanyia kazi tena, na wito wa kikao cha kituo chake kipya unampita.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Kazi ya kutunza orodha iko palepale kwa ukubwa wake. Imetoka kwenye meza ya afisa TEHAMA, ambaye alijua kuwa ni yake, ikaenda kwenye meza ya afisa utumishi, ambaye hajaambiwa. Zamani afisa TEHAMA alilalamika kwamba kazi ni nyingi, na malalamiko hayo yalikuwa ushahidi kwamba kazi ina mwenyewe. Baada ya mradi hakuna anayelalamika.

Katika taasisi moja niliyoitembelea, kijana wa TEHAMA alikuwa amekwishauona ukweli huu kwa akili yake mwenyewe, akaamua kuwafuata watu wa utumishi ofisini kwao.

"Shikamoo mama. Nimekuja tena kuomba majina ya waliohamishwa na waliostaafu."

"Marahaba mwanangu. Majina yapo, lakini yako kwenye majalada, na majalada nane yako kwa mkurugenzi. Njoo Ijumaa. Na hivi, unayahitaji ya nini?"

Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa na vibali vya likizo vya kupitisha, madai ya malimbikizo, na watumishi waliosafiri kutoka wilayani wakimsubiri nje ya mlango. Swali lake la mwisho lilikuwa halali kabisa. Mradi ulipoandaliwa hakuitwa kikaoni, mafunzo yalipotolewa hakualikwa, na kwenye majukumu yake ya mwaka hakuna mstari unaosema atatunza sehemu ya Idara kwenye saraka ya barua pepe. Alikuwa akiombwa hisani juu ya jambo ambalo mfumo mzima umelitegemea.

Ofisi nyingi zina kumbukumbu mbili za watumishi. Moja ni ya utumishi na mishahara, ambayo kwa Serikali ya Tanzania iko kwenye HCMIS. Nyingine ni saraka ya barua pepe. Serikalini barua pepe rasmi zinapita kwenye GMS, mfumo unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Kampuni binafsi nazo zina jozi yao ya namna hiyo. Swali la kuuliza kabla ya kununua chochote ni hili: mabadiliko yakiingizwa kwenye mfumo wa mishahara, yanafika yenyewe kwenye saraka ya barua pepe, au yanamsubiri mtu? Yakifika yenyewe, mradi una nafasi kubwa ya kuishi. Yakimsubiri mtu, huyo mtu ndiye mradi, na anapaswa kutajwa.

Hata pale data inapoingizwa kwa wakati, maisha ya ofisi yana mambo ambayo fomu haina nafasi nayo. La kwanza ni kukaimu. Sharti la kundi la wakuu wa idara husoma sehemu ya Cheo, na linatafuta maneno "Mkuu wa Idara". Anayekaimu ndiye anayekaa kwenye kiti, ndiye anayesaini, ndiye atakayeulizwa kuhusu utekelezaji. Lakini cheo chake kwenye saraka kinabaki kile cha muundo: Mhasibu Mwandamizi, Afisa Mipango Daraja la Kwanza. Waraka wa menejimenti ukitumwa kwa wakuu wa idara, yeye hayumo. Na kwa kuwa kukaimu kwetu kunaweza kudumu zaidi ya mwaka, tunazungumzia idara nzima inayoendeshwa na mtu ambaye mfumo wa mawasiliano haumtambui. Anapata habari kwa kupigiwa simu na katibu muhtasari mwenye huruma. Katibu huyo akiwa likizo, kikao kinaanza bila idara hiyo.

Yupo aliye masomoni kwa miaka miwili, bado ni wa idara ileile na bado anapokea kila ombi la "leteni taarifa kabla ya saa tisa." Yupo aliyeazimwa na taasisi nyingine, analipwa huku na anafanya kazi kule. Wapo wa mkataba, wapo wa mafunzo kwa vitendo. Na wapo madereva, walinzi na wahudumu, ambao mara nyingi hawana anuani ya ofisi hata moja. Kundi linaitwa "Watumishi Wote" na wao hawamo. Tangazo la mabadiliko ya bima ya afya likipelekwa kwenye kundi hilo, watu ambao pengine wanaihitaji zaidi taarifa hiyo wanaisikia koridoni, kwa kuchelewa na kwa kupungua. Kosa hili ni la haki za watu, na kompyuta haiwezi kubeba lawama yake. Aliyeliita kundi kwa jina hilo bila kuuliza nani yumo ndiye anayepaswa kujibu.

Taasisi nazo zinabadilika majina. Januari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliigawa iliyokuwa Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, zikapatikana wizara mbili: ya Afya, na ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Uamuzi wa namna hiyo unatangazwa siku moja, na kesho yake watu wanakwenda kazini chini ya jina jipya. Sharti lolote lililoandikwa kwa kutumia jina kamili la wizara, idara au kurugenzi linakufa siku hiyohiyo. Data ikisasishwa na sharti likasahaulika, kundi linabaki na watu sifuri, na ujumbe unaotumwa kwenye kundi tupu kwa kawaida haurudi na onyo lolote. Aliyetuma anaamini umefika.

Ukimya huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko kitu kingine. Orodha ya mkono ilikuwa na makosa mengi, lakini makosa yake yalionekana. Uliifungua, ukasoma majina, ukasema "mbona fulani hayumo?" Kundi linalojisasisha, kwenye Outlook, halimruhusu mtumaji wa kawaida kulikunjua akaona waliomo. Anaandika jina la kundi, anabonyeza kutuma, na imani inachukua nafasi ya uhakiki. Ambaye hakupata ujumbe hajui kwamba kuna ujumbe. Ambaye ametuma hajui kwamba kuna ambaye hakupata. Linapotokea la kutokea, yaani muda wa mwisho umepita na taarifa haijaletwa, wawili hao wanaanza kulaumiana, mmoja akiwa na ushahidi kwamba alituma na mwingine akisema kweli tupu kwamba hakuona kitu.

Watu wanajifunza haraka kutoamini. Ndani ya miezi michache idara inafungua grupu la WhatsApp, na dokezo linalotumwa kwa barua pepe linapigwa picha na kubandikwa huko "kwa uhakika zaidi." Nimeona barua zenye muhuri zikisambazwa hivyo, zikiwemo zenye majina ya watumishi na cheki namba zao za mishahara. Grupu la WhatsApp nalo halijisasishi. Aliyehamishwa anabaki humo kwa sababu ya undugu na mazoea, na kumtoa kunaonekana ni ugomvi. Kwa hiyo taasisi iliyotumia fedha kuondokana na orodha za mkono inarudi kwenye orodha ya mkono, mara hii ikiwa nje ya mfumo wake, kwenye simu za watu.

Kuna pia hatari ya upande wa pili, ya kundi kuwafikia watu wengi mno. Tarehe 14 Novemba 2016 mtumiaji mmoja wa NHSmail, mfumo wa barua pepe wa huduma ya afya ya taifa nchini Uingereza, aliyekuwa Croydon kusini mwa London, alituma ujumbe wa majaribio kwenye orodha aliyoiunda. Kwa hitilafu iliyokuwa kwenye mfumo wa mzabuni, orodha ile ilijumuisha watumiaji wote. Iliripotiwa kwamba akaunti zaidi ya 800,000 zilifikiwa. Waliopokea wakaanza kujibu kwa wote wakiomba waondolewe, na kila jibu likaenda tena kwa wote, hadi barua za hospitali na kliniki zikapita kwa kusuasua. Microsoft wenyewe walikuwa wameyaonja hayo mwezi Oktoba 1997, kwenye orodha ya ndani iliyoitwa Bedlam DL3. Baadaye sana, mwaka 2020, waliweka kinga kwenye Exchange ya mtandaoni. Ilipozinduliwa, majibu 10 ya kwa wote yakionekana ndani ya dakika 60 kwenye mazungumzo yenye wapokeaji zaidi ya 5,000, mfumo ulikuwa unayazuia yanayofuata kwa saa nne. Kinga hiyo ni nzuri kwa makampuni makubwa ya dunia. Kwa taasisi ya watumishi 900 haitawaka kabisa, kwa hiyo ulinzi wake ni kuamua ni nani anaruhusiwa kutuma kwa watumishi wote na ni nani anaidhinisha. Mipangilio yote miwili ipo kwenye Exchange na haihitaji fedha ya ziada.

Sharti lililoandikwa kwa haraka linakusanya pia wasiostahili. Kufunga akaunti ya mtu ili asiingie hakuondoi sanduku lake la barua. Kundi likisema "kila mwenye sanduku", basi aliyestaafu, aliyeacha kazi na hata marehemu anaendelea kuhesabiwa mpaka sanduku liondolewe au sharti liandikwe la kumtoa. Chumba cha mikutano chenye anuani yake ya kuwekea nafasi nacho kinahesabiwa mtumishi, na masanduku ya pamoja, kama lile la mapokezi linalofunguliwa na watu wanne kwa zamu, yanapokea nyaraka ambazo hazikupaswa kusomwa na wote wanne.

Tanzania ina sababu ya pekee ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2016, Rais John Magufuli alipoagiza uhakiki wa watumishi wa umma, walibainika watumishi hewa zaidi ya 10,000. Hiyo ilikuwa orodha ya mishahara, ambayo kila jina lina fedha nyuma yake na ina wakaguzi. Ikiwa orodha inayolindwa kiasi hicho iliweza kubeba majina hewa kwa maelfu, tutegemee nini kwenye saraka ya barua pepe isiyokaguliwa na mtu yeyote? Sheria nazo zimeshabadilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 2023, na Kenya inayo ya kwake tangu 2019. Zote zinadai taarifa za mtu ziwe sahihi na zilindwe zisimfikie asiyehusika. Dokezo la nidhamu linalotua kwa mtu aliyekwishahama idara, eti kwa sababu kundi halikujua, linaweza kuwa uvunjaji wa sheria hizo, na "mfumo ulifanya wenyewe" hautakubalika kama utetezi.

Yanayofanya kazi ni mambo madogo, na mengi yake hayafanyiki kwenye seva. La kwanza ni kuacha kuandika Idara kwa mkono. Anayesajili achague kwenye orodha fupi iliyofungwa, na nyuma ya kila jina kuwe na msimbo. Exchange ina sehemu 15 za ziada ambazo taasisi inaweza kuzitumia itakavyo, kwa hiyo msimbo wa idara unaweza kukaa hapo, na sharti la kundi likasoma msimbo badala ya jina. Wizara ikigawanywa au kurugenzi ikipewa jina jipya, jina linabadilika na msimbo unabaki. Sehemu nyingine kati ya hizo 15 ipewe wanaokaimu. Barua ya kukaimu ikitoka, alama inawekwa, na kundi la wakuu wa idara linawajumuisha wenye cheo na wenye alama.

Halafu ile orodha ya nakala. Kuongeza maneno "Afisa TEHAMA" chini ya barua ya uhamisho, ya kukaimu, ya kustaafu na ya likizo ya masomo hakugharimu hata shilingi moja, na kwa maoni yangu kunazidi kwa faida mafunzo ya siku tatu hotelini. Vivyo hivyo kwenye fomu ya makabidhiano ambayo anayeondoka anaipitisha kwa stoo, kwa mhasibu na kwa maktaba, kuwe na saini ya kuthibitisha kwamba sanduku lake la barua limeshughulikiwa.

Na uwepo uhakiki wa macho. Msimamizi wa mfumo anaweza kutoa orodha ya waliomo kwenye kundi kwa amri moja. Kila robo mwaka aitoe, ampelekee kila mkuu wa idara ukurasa wake, na mkuu apitie majina kwa kalamu: huyu yupo, huyu amehama, huyu simfahamu, na fulani mbona hayumo. Nimeona zoezi hilo likichukua dakika chache kwa idara ya watu 40, na mkuu wa idara akashangaa kukuta watu asiowafahamu wamekuwa wakisoma madokezo yake. Wasio na anuani waandikiwe utaratibu wao rasmi, iwe ni ubao wa matangazo, kikao cha asubuhi au ujumbe mfupi wa simu, na jina la kundi libadilishwe lisiwe "Watumishi Wote" kama si wote.

Wewe unayeandaa andiko la mradi wa namna hii kwa mwaka wa fedha ujao, usilipeleke kwenye menejimenti kabla ya kukaa na afisa utumishi na mkuu wa masijala. Mtaje kwa cheo atakayejaza sehemu ya Idara na atakayeibadilisha kila barua inapotoka. Jukumu hilo liingizwe kwenye mpango kazi wake wa mwaka. Kwa watumishi wa umma liingie kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi wao, lipimwe kama mengine yanavyopimwa, na atengewe muda wa kulifanya. Kama mtu huyo hajapatikana, ahirisha mradi mpaka apatikane.